Mgeni wa Saa Mbili na Nusu

Kila siku ya kazi, kabla chai haijapoa, mwalimu wa chuo cha ufundi aliwasha kompyuta ya ofisini na kufungua majalada ya mtandaoni ya wanafunzi wake wa zamani, moja baada ya jingine. Yeye ndiye aliyewafundisha kuyatengeneza: picha za kazi zao, vyeti, maelezo mafupi. "Waajiri watawafuata wenyewe," aliwaambia bila hata kupepesa macho. Mwaka ukaisha, na pembeni mwa kila jalada namba ya wageni ikabaki sifuri. Roho ilimuuma. Ndipo akaanza kuyafungua mwenyewe, angalau wasife moyo.

Asubuhi moja hodi ilibishwa na Geti, kijana wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alilipata kwa geti la mtihani wake, ambalo mpaka leo ndilo linalofunga uwanja wa chuo. Alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Shikamoo, mwalimu. Mambo yangu yanaelekea kunyooka."

"Marahaba. Umepata kazi?"

"Bado kidogo. Kuna mtu analifungua jalada langu kila siku, saa mbili na nusu. Wikendi haligusi. Hiyo ni ofisi, mwalimu. Mtu wa mtaani hana nidhamu hiyo."

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaizima skrini ya kompyuta.

"Mjomba ana nafasi karakanani kwake, anataka jibu kesho asubuhi," Geti aliendelea. "Nitamkatalia. Nikishaanza kwake, halafu hawa wapige simu, nitauweka wapi uso wangu? Au nakosea?"

Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: ni mimi. Yalimfika ulimini, yakakwama. Aliitazama ile kola, akaona haya.

"Mjomba ni mjomba," alisema. "Fikiria vizuri."

"Nimeshafikiria," Geti alijibu akitabasamu.

Kesho yake mwalimu alifungua majalada yote, akaliruka la Geti. Alijipa moyo kwamba kijana akiona namba haijasogea atajua la kufanya, na yeye atakuwa ameepuka kusema. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliimaliza chai yake ingali moto.

Saa nne ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

"Mwalimu, mjomba nimeshamwambia hapana. Leo wale watu hawakufungua. Nadhani wamemaliza kunichunguza, sasa wananiandikia barua."