Matone Ndani ya Kopo la Vifungo

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo alikuwa na kopo la bati kando ya mashine yake, limejaa vifungo vya kila rangi. Chini kabisa, vifungo vikiwa vimekifunika, kulikuwa na kichupa cha dawa ya macho. Mumewe, fundi baiskeli, alijua. Wengine hawakujua.

Daktari hakumzungusha. Ugonjwa ni presha ya macho. Hauumi wala hauwashi. Unakula uoni kutoka pembeni, polepole, na kilicholiwa hakirudi. "Dawa inalinda kilichobaki," alisema. "Tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yako yote. Usiache hata ukijiona uko sawa."

Dawa yenyewe haikumpa shida. Shida ilikuwa kikundi cha maombi cha akina mama, ambako walifundishana kwamba unachokitamka ndicho unachokikaribisha. Mtu akisema, "Mafua yangu haya," wenzake walimdaka kwa pamoja: "Si yako! Kataa!" Naye alikataa, kamasi zikimtoka. Hawakuwa wakifanya mchezo. Wapo walioingia mle wakiwa wametukanwa majumbani mwao hadi wakasahau kuinua uso, wakanyooka kwa sababu mtu aliwaambia kwa sauti, mbele ya wengine, kwamba Mungu anawapenda. Walikuwa wameona neno likifanya kazi.

Fundi baiskeli hakuwa mtu wa vikundi. Jioni aliingia ndani na mikono yenye grisi, akisema, "Mke wangu, njaa yangu ya leo si ya kawaida."

"Si yako. Kataa."

"Nikiikataa, hicho kilichomo kwenye sufuria atakula nani?"

Mama Vifungo alicheka, akapakua.

Jumapili moja kiongozi wa ibada aliuliza nani anaukiri uponyaji wake leo, asingoje kuuona. Mama Vifungo alisimama. Alisema Bwana ameyaponya macho yake na kwamba anaona. Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Moyoni hakuona kama amedanganya. Alikuwa ameutanguliza ushuhuda, na macho yangefuata. Jioni alifukua kopo, akainamisha kichwa nyuma, akaweka matone. Alijiambia kwamba hiyo nayo ni imani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwombea tena. Mtu aliyepona anaombewa nini? Walimletea majoho ya kwaya ayashone, ya rangi nyeusi, kwa uzi mweusi.

Majoho hayo yalikuwa bado mezani wifi yake alipokuja kupunguziwa sketi. Wifi alikuwa dada wa mumewe, mpiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Mlangoni alijigonga bega kwenye mwimo. Alipokaa, Mama Vifungo aliona bandeji kwenye vidole vyake.

"Umefanyaje, wifi?"

"Pasi. Nimeiweka pembeni hapa, nikageuka, nikaishika yenyewe badala ya shati. Bosi wangu anasema nimeanza kupenda." Alicheka. "Ni adui tu ananisumbua. Si unajua nilikutwa na kitu kilekile chako? Presha ya macho."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, na siku ninayotaka kukuambia wewe ndiyo unasimama kanisani? Nikasema, kama Bwana amemfanyia wifi yangu, ataniruka mimi? Nilitoka pale nikapita jalalani, nikatupa kichupa. Mpaka leo sijatia hata tone."

Mguu wa Mama Vifungo ulitulia juu ya kanyagio. Kopo lilikuwa karibu na kiwiko cha wifi yake. Ilikuwa ni kulifungua tu.

"Geuka nikupime kiuno," alisema.

Usiku ule alimweleza mumewe. Fundi baiskeli aliacha kutafuna.

"Dada yangu anapofuka, na dawa iko mezani kwako?"

"Nikisema sijapona, nitakuwa nimebomoa nilichokiri."

"Ulichokiri ndicho kimemtupia dawa jalalani," alisema mumewe, kisha akashusha sauti. "Mama, mimi sijui mambo ya kukiri. Lakini umesema kila siku kwamba neno lina nguvu. Basi ndiyo hiyo. Limefanya kazi."

Kesho yake mchana Mama Vifungo alienda kwa dobi. Wifi alikuwa akinyoosha mashuka katikati ya mvuke, akikipeleka kichwa huku na huku kutafuta kingo za kitambaa. Mama Vifungo alimwambia yote: kopo, kichupa, kila jioni. Alimwambia arudi kwa daktari leo.

Wifi aliweka pasi chini, safari hii akipapasa kwanza mahali pake.

"Kataa hilo, wifi. Unatishwa. Mtu akishapokea, adui huja kumnyang'anya kupitia kinywa chake mwenyewe. Si wewe uliyetufundisha?"

"Ni mimi. Nilikosea."

"Sikusikii. Ulisema mbele za Mungu na watu kwamba umepona. Hilo ndilo nililoamini. Haya ya hapa kwenye mvuke siyajui."

Mama Vifungo alirudi nyumbani akielewa kilichobaki.

Jumapili, wakati wa shuhuda, alitembea hadi mbele akiwa ameshika kopo. Watu walitabasamu, walidhani ameleta jambo la kuchekesha. Wifi alikuwa safu ya pili.

"Siku ile nilisema macho yangu yamepona," alisema. "Hayajapona. Nina presha ya macho, na bado natia dawa."

"Kataa!" mama mmoja aliita kutoka nyuma. Ulikuwa mdomo wa mazoea. Alijiziba mara moja.

"Sikatai. Nilisema kitu ambacho sikuwa nimekiona, na mtu akakiamini kuliko daktari wake. Naamini Mungu anaponya. Namwomba kila siku. Ila sitamsemea tena kazi ambayo hajaniambia ameimaliza."

Aliingiza vidole kwenye kopo. Vifungo vilimwagika sakafuni, vikabiringika hadi chini ya viti, na hakuna aliyeinama kuviokota. Jioni ilikuwa mbali bado, lakini alikiinua kile kichupa juu, kila mtu akakiona.

Mchungaji aliinuka kitini. Kisha aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa mle kwa muda mrefu: "Nani mwingine anaumwa?"

Mkono mmoja uliinuka, wa mzee wa kwaya. Ukafuata mwingine. Mmoja alisema mgongo, mmoja kisukari, mmoja alisema tu, "Silali." Waliombewa kila mmoja kwa alichokitaja.

Wifi hakuinua mkono. Alitoka kabla ya baraka.

Alikuja kwa Mama Vifungo Jumatatu, jua lilipokuwa likishuka, akiwa na karatasi mpya ya daktari na kichupa kipya. Fundi baiskeli alimvutia kiti, akaenda kuhangaika na tairi lisilokuwa na tatizo.

"Nimekukasirikia," wifi alisema.

"Najua."

"Anasema upande wa kushoto umeshakwenda, haurudi. Uliobaki unaweza kulindwa." Alikaa, akaegemeza kichwa nyuma. "Mimi mkono unatetemeka. Nitie wewe. Na usininyamazie, wifi. Sema kitu."

Mama Vifungo alisimama nyuma yake, akalifungua jicho lake kwa kidole gumba, kama anavyofungua tundu la kifungo.

"Bwana, huyu ni dada yetu. Anaumwa macho. Msaidie."

Tone lilidondoka. Wifi alipepesa, maji yakamshuka shavuni.

"Limeingia?"

"Limeingia."

"Amina," alisema wifi. "Haya, la pili."