Siku Mukhwana Alipokuwa Misri

Mukhwana alikuwa akiitaka safari ile ya Entebbe mpaka akawa anaiota. Shirika moja la maji lilikuwa limewaita wakaaji wa Kibera na Kawangware kwenye ukumbi wa kanisa kule Kawangware, wajadili jinsi nchi za mto Nile zinavyogawana maji. Mmoja wao angechaguliwa kwenda Uganda kusema mbele ya wakubwa. Mukhwana aliacha shule darasa la sita na hajawahi kuvuka mpaka wowote. Lakini habari za Nile alizijua. Alizaliwa kando ya Nzoia, na Nzoia inaingia ziwani, na ziwani ndiko Nile inakotoka. Mkataba wa mwaka 1929, ulioipa Misri sehemu kubwa ya maji hayo, aliueleza kwa yeyote aliyesimama na mtungi kwenye kibanda chake cha maji.

Bi Wakarima, aliyeendesha mkutano, aligawa nchi kwa vikaratasi, kila mtu aisemee yake. Mukhwana, aliyekuja na buti zake za mpira za kazi, akaokota Misri. Phanice, muuza maji kama yeye lakini wa upande wa chini kabisa wa Kibera, Soweto East, akaokota Ethiopia.

"Misri gani hii imevaa gambuti?" akauliza Ndegwa, mwenye ploti ya kupangisha hapo Kawangware. Watu wakacheka.

Kazi ilikuwa hii: Ethiopia iko juu, inajaza bwawa lake. Misri iko chini. Waelewane.

Mukhwana akasimama. "Mimi sikatai mjenge," akamwambia Phanice. "Mko juu, Mungu ndiye aliwaweka huko. Lakini unafungaje maji bila kuniambia? Niko na watoto. Niko na shamba. Nikijua ni lini, nitajipanga. Usiponiambia, unaniua polepole huku ukinisalimia."

Makofi yakalia. Hata Ndegwa alipiga.

Phanice akainuka taratibu, akakaza leso kiunoni. "Baba Kevin," akaanza, kwa jina alilozoea kumwita Mukhwana. "Pole, Misri. Maji yanapita kwangu. Nikimaliza kujaza yangu, yatakayobaki utapata. Kama huwezi kungoja, hamia huku juu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mukhwana hakucheka. Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe. Ndiyo aliyomjibu Phanice Jumanne, mswaki ukiwa mdomoni, wala hakuutoa.

Wote wawili wanachota kwenye laini moja ya bomba, na maji huja Jumanne na Ijumaa tu. Kibanda cha Mukhwana kiko juu, upande wa Ayany hapo Kibera, na valvu ya maji yanayoshuka chini iko mlangoni pake chini ya gunia. Maji yakifika huifunga mpaka tangi zake tatu zijae. Hajawahi kumwambia mtu atafunga saa ngapi. Kule chini Phanice hufungua mfereji ukapuliza hewa, na foleni nzima humtukana yeye.

"Misri, jibu!" Ndegwa akapiga kelele.

Mukhwana alifungua mdomo. Kila hoja aliyokuwa nayo, Phanice angeweza kumwambia yeye. "Nimemaliza," akasema, akakaa.

Bi Wakarima akadhani ni busara, akamsifu kwa kutogombana. Wakapiga kura. Mukhwana akashinda kwa mbali. Watu wa Kawangware hawakujua habari za valvu, lakini wa Kibera waliojua waliinua mikono pia. Phanice naye aliinua, bila kejeli usoni, kwa sababu mtu huyu kweli aliongea vizuri. Hapo ndipo Mukhwana alipotamani sakafu immeze.

Akaitwa mbele ashukuru.

"Futeni jina langu," akasema. "Mimi ndiye Ethiopia. Huyu mama nimemfungia maji miaka minne. Jumanne alikuja kuniuliza na mtoto mgongoni, nikamjibu vile mmesikia."

Bi Wakarima alibaki na kalamu mkononi.

"Na kesho ni Ijumaa," Phanice akasema kutoka kitini.

"Kesho utapata kwanza, Mama Annet."

"Sijaomba kwanza. Nimeomba kuambiwa."

Mukhwana akaangalia gambuti zake. "Nitafunga saa mbili. Nitafungua saa sita."

"Saa sita foleni imeshaniua. Saa nne."

"Tangi hazitajaa."

"Jaza mbili."

"Saa tano," Mukhwana akasema kwa sauti ya mtu aliye kizimbani.

"Kamili?"

"Kamili."

"Sema kwa nguvu. Hawa wa nyuma hawajasikia."

Akasema tena.