Gervas Hachezi Katikati

4.

…akalivuta jina la Gervas kwenye skrini kutoka kiwanja cha nje, katikati, akalidondosha besi ya kwanza. Kompyuta ikauliza: *Mchezaji huyu hajazoea nafasi hii. Una uhakika?*

Editha akabonyeza *Ndiyo*. Taratibu.

5. TANGAZO

Wanachama mnakumbushwa kuwa Ligi yetu ya Besiboli ya Kompyuta, ya waliochezea timu ya shule hapa Songea, hutumia majina na uwezo wetu wa enzi zile. Kila meneja yuko huru kupanga wachezaji wake. Malalamiko ya ndugu Gervas Ndunguru, kwamba meneja wake, Editha, anampanga nje ya nafasi yake, yamepokelewa.

Hayana mashiko.

Haule, Mratibu (zamani Kocha)

6. Kwenye kundi la simu

— Da Editha, huyo mtu wako wa besi ya kwanza anadaka kwa kifua?

— Anadaka kwa sura.

— Jamani, Gervas wa watu!

— Dada, Gervas mwenyewe hapa. Nirudishe kiwanja cha nje, hata kulia. Wanangu wanasoma haya.

— Wasome.

7. Matokeo

Gervas: ameangusha.
Gervas: amerusha kwa watazamaji.
Gervas:

ameangusha.

2.

Wewe unayesoma, usimhukumu bado. Mpira ukipaa kati ya wadakaji wawili wa nje, mmoja huita, "Wangu!" Mwenzake hurudi nyuma. Ndivyo wanavyoaminiana.

Siku ya fainali ya mkoa, enzi zile za shule, Kocha Haule alimtoa Editha katikati, nafasi aliyoizoea, akampeleka kulia, ili mpwa wake Gervas aonekane na wachaguzi wa timu ya taifa. Mpira ukapaa kati yao. Gervas akaita. Editha akarudi nyuma.

Mpira

ukaanguka.

"Mbona umeuogopa, Editha?" Kocha aliuliza mbele ya uwanja mzima.

Gervas alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu.

Editha hakuitwa tena popote.

9.

Mimi ni Gervas wa ndani ya kompyuta. Sijawahi kuita, sina mdomo. Napelekwa nisikokujua, naaibika, narudi. Lakini mashine huniongezea kidogo kila mechi. Jana, besi ya kwanza, nilidaka. Kundi zima likanishangilia.

Leo nimehamishiwa nyuma ya mpigaji, nachuchumaa.

10.

Kesho fainali. Mpinzani wa Editha: timu anayoipanga Haule mwenyewe.

Alikuwa akiingoja siku hii tangu ligi ianze. Akapitia wachezaji wake mmoja mmoja, akarudia. Hakuna mwingine mwenye mbio za kutosha pale katikati. Kumfunga mjomba, lazima mpwa acheze katikati. Ang'are. Asifiwe. Na yule mwenye mwili alale usingizi mzuri.

Hapana.

Labda, kwa sharti moja.

11. Simu, faraghani

— Ukitaka nikurudishe katikati, sema nani aliita.

— Niliita mimi, dada. Mpira ulikuwa wangu. Nisamehe.

— Kaandike kwenye kundi.

— Mjomba yumo.

— Najua.

12. Kundini

*Gervas anaandika…*

*Gervas anaandika…*



*Gervas anaandika…*

13.

Editha akaingiza majina mengine yote. Katikati pakabaki peupe. Gervas akabaki ukingoni mwa skrini, bila nafasi. Mpangilio unafungwa kesho mchana.

"Hujamaliza tu?" mumewe aliuliza kutoka jikoni.

"Bado mmoja."

"Si umweke tu uje tule?"

"Kesho," Editha alisema, akaigeuza simu kifudifudi.