Barua Iliyosomwa Mafungoni

Fabiola Ocampo alikubali kwenda mafungoni kwa sababu alichoka kubishana. Mumewe, Evelio, alimsihi mwezi mzima, na jirani yao Nubia, mmoja wa wahudumu wa mafungo hayo, alikuja kumfungia begi mwenyewe.

"Siku tatu tu, shoga. Utalala, utakula, utalia. Ukirudi utakuwa mtu mpya."

"Sitaki kuwa mtu mpya. Namtaka mwanangu."

Yeison alitoka nyumbani miaka sita nyuma kwenda kuchuma kahawa ng'ambo ya mlima, akiwa na miaka kumi na tisa, asionekane tena. Tangu hapo Fabiola alikuwa amepita kila kituo cha polisi na kila chumba cha maiti kutoka mji wa Manizales hadi pwani, picha ya mtoto ikining'inia kifuani.

Nyumba ya masista, yalikofanyika mafungo, ilikuwa juu kabisa mlimani, penye ukungu. Ijumaa waliimba, wakanywa maji moto ya sukari guru yenye vipande vya jibini ndani, wakasikiliza wanawake wakisimulia jinsi Mungu alivyowatoa shimoni. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Bi Ligia, mjane mnene mwenye mdomo.

"Wewe umeletwa na nini?" Bi Ligia aliuliza. "Mimi nimewakimbia wajukuu. Yesu nikimwona huku, ni bahati yangu."

Fabiola alicheka, na kicheko kikamshtua. Alikuwa amekisahau.

Jumamosi asubuhi, mbele ya Ekaristi, alipiga magoti akaomba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hakuomba mengi. "Nipe hata mfupa, Bwana. Hata mfupa mmoja nikauzike."

Baada ya chakula cha mchana wakagawiwa barua. Ndiyo ilikuwa desturi ya mafungo: watu wa nyumbani huandika kwa siri, nawe huzisoma ukiwa peke yako kanisani. Wenzake walikuwa wakilia kwa furaha. Bi Ligia alipata kumi na moja, nyingine zimechorwa maua. Fabiola alipata moja, yenye mwandiko wa Evelio uliolala upande.

"Fabi, Jumatatu nilikwenda mahakamani. Nimeomba Yeison atangazwe kuwa amefariki. Siwezi tena kumwekea sahani mezani. Nilishindwa kukwambia ana kwa ana. Padri alisema huko utakuwa na watu wa kukushika. Nisamehe."

Alisoma mara mbili. Alipoinua macho, Nubia alikuwa amesimama mwisho wa benchi, leso mkononi, tayari.

"Ulijua," Fabiola alisema.

"Evelio alituomba, shoga. Tumefunga na kusali siku tisa kwa ajili yako na saa hii."

"Mlikuwa mnafunga huku mimi naomba apatikane?"

"Tulikuwa tunakuombea amani."

"Mngeniuliza kama naitaka."

Padri Arcesio, aliyeongoza mafungo, akaja, akamwekea mikono kichwani. Wanawake wakamzunguka wakiimba, wengine machozi yakiwatiririka. Fabiola alikaa kimya katikati yao, akingoja kitu chochote kimguse, hata hasira. Hakikuja. Alihisi tu uzito wa viganja na harufu ya mishumaa. Walipomaliza, mmoja alisema, "Tazama alivyotulia! Bwana amemgusa." Wakampigia makofi.

Bi Ligia peke yake hakupiga. Usiku ule alinyoosha mkono kutoka kitandani kwake, akaushika wa Fabiola.

Jumapili mchana familia ziliwapokea mlangoni kwa nyimbo. Evelio alivaa shati lake la kuendea harusi za watu, waridi jeupe mkononi. Alikuwa amekonda. Fabiola aliona hilo, akamwonea huruma, na huruma ile haikumsaidia hata mmoja wao.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Umewaandikia alikufa lini?"

"Sijaandika. Tarehe ataiweka hakimu."

"Mwambie asiweke Disemba. Yeison alipenda Disemba."

Evelio akaanza kulia pale pale, mbele ya wapiga gitaa na watu. Fabiola alimchukulia waridi lisianguke, akapanda gari, akakaa nyuma. Walipofika nyumbani, alipika wali na maharage, akapakua sahani mbili tu, wakala.