Miwani ya Waridi

Mimi, Kahindi, macho yangu hayana neno. Nililisema hilo mwaka mzima wa 1994, na asiyetaka kuamini, shauri yake. Ubaya ulikuwa kwa bunduki. Kile kidole cha chuma kilicho kwenye ncha ya mtutu, ambacho unatakiwa ukipange katikati ya pengo la nyuma, kilianza kuota manyoya. Mara kimoja, mara viwili. Nikakisugua, nikakipaka masizi ya mshumaa, nikamlaumu fundi. Risasi zikaendelea kwenda ukutani.

Klabu yetu ya shabaha pale Bondeni ni ya bunduki za upepo tu, lakini tuna heshima zetu. Wanne bora huingia timu ya kwanza. Anayebaki nje, akiwa ameshapita hamsini, hupelekwa benchi la kubandika karatasi za shabaha na kuchemsha chai. Nilikuwa na hamsini na mbili, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kutoka timu ya kwanza. Chai mimi hunywa, sichemshi.

"Baba Mapenzi," mke wangu Sidi akaniambia wiki moja kabla ya mchujo, "juzi uliuamkia mtungi."

"Nilikuwa na mawazo."

"Na ukaulizia hali ya watoto wake."

Akanipa miwani yake ya kushonea, aliyoinunua kwa mchuuzi wa pale kivukoni Feri, yenye fremu ya rangi ya waridi. Nilikasirika, tena si kidogo. Alipotoka nikafunga mlango, nikaivaa. Loo, kidole cha chuma kikarudi, cheusi, kimesimama wima. Sasa karatasi ya shabaha ndiyo iliyoingia ukungu, lakini siku tatu za kulenga pale uani zilinifunza nilichofichwa na kiburi: shabaha iache na ukungu wake, jicho likae kwenye chuma. Naona haya kusema, lakini nililia kwa furaha.

Siku ya mchujo nilitokea nimeivaa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Menza, karani wa bandarini aliyeitamani nafasi yangu siku nyingi, akaniita shangazi. Nikapiga risasi kumi, zote kumi ndani ya duara jeusi. Kicheko kikakoma. Menza alipata saba, akawa wa tano.

Akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kuna sheria."

Mwenyekiti wetu, Bwana Dishon wa reli, anapenda sheria kuliko wali wa nazi. Akatoa kijitabu cha klabu, akakisogeza mbali, akakirudisha puani, akakisogeza tena mpaka mkono ukafika mwisho wake. Sote tukangoja. Akakohoa.

"Bwana Kahindi, hebu niazime hiyo."

Nikampa. Akaivaa ile ya waridi, uso ukamchanua, akasoma bila kukwama hata mara moja: "Mlengaji atatumia macho yake matupu. Atakayetumia kioo cha aina yoyote, alama zake zitafutwa."

"Hiyo iliandikwa kwa ajili ya darubini," nikasema.

"Kioo ni kioo," akasema, akinitazama kwa juu ya fremu.

Akalikata jina langu, akaandika la Menza, kwa mwandiko mzuri ajabu. Nikamwomba miwani ya mke wangu. Akasema ningoje kidogo, alikuwa na barua mbili za kamati hajazisoma tangu Ramadhani.

Basi sasa nachemsha chai, na wanaoinywa wanasema sukari naipima vizuri. Kila Jumamosi Bwana Dishon hutuma mtu kwenye benchi letu kuiazima ile miwani, apate kusoma alama za timu ya kwanza. Timu ya kwanza, kwa taarifa yenu, imeshindwa mashindano sita mfululizo. Sidi huniuliza kwa nini simnyimi. Simnyimi, na siku hizi mtu wake akija huipeleka mwenyewe, nikasimama karibu. Nataka azisome alama zile sawasawa, na kwa sauti.