Hodi kwa Sindano

Habari ya sheria mpya ya upangaji nililetewa na wifi yangu, na wifi yangu habari haimtoki mdomoni bila kutiwa chumvi. Alivua viatu, akajimwaga kwenye kiti changu, akasema, "Wifi, watoe wapangaji wote kabla mwezi haujaisha. Sheria ikianza humtoi mtu bila sababu. Watakukalia kichwani!"

"Nimtoe na Sindano?"

"Hasa huyo."

Sindano ni fundi cherehani wa chumba cha mbele. Tulimwita hivyo kwa wembamba wake, na ulimi wake nao unachoma. Tangu mume wangu afariki na wanangu watawanyike, kila mmoja na maisha yake, mlio wa cherehani yake ndio unaoniambia kumekucha. Nimtoe? Thubutu!

Nikaona bora nijiandae. Nilienda kwenye kikao cha wenye nyumba, afisa akatueleza: mkataba uwe wa maandishi, paa likivuja ni juu yako, nyaya mbovu ni juu yako. Nikaitikia kwa kichwa, hayo nayaweza. Halafu akasema mwenye nyumba haruhusiwi kuingia chumba cha mpangaji bila kumwarifu, na mpangaji mwenyewe akubali.

Hapo mkono wangu ukaenda kiunoni. Mimi funguo za akiba za vyumba vyote nazifunga kiunoni kwa kamba. Mvua ikianza, naingia nafunga madirisha. Nikisikia harufu ya kuungua, naingia nazima jiko. Na nikishakuwa ndani, nikikuta kitanda hakijatandikwa, natandika. Kuna ubaya gani? Sindano akirudi huniuliza, "Mama, umepita?" Nami namjibu, "Nimepita." Sasa nisipopita, mimi nitakuwa nani pale? Niliogopa, sifichi. Niliogopa kuwa mgeni kwenye nyumba ambayo matofali yake niliyabeba kwa mikono hii.

Lakini sheria ni sheria. Paa nikaliziba. Fundi umeme akaja, akang'oa nyaya kuukuu huku akiguna, akashangaa tulivyokuwa bado hai. Mikataba ikaandikwa, tukakaa barazani kuisoma. Sindano aliisoma neno kwa neno kama anayetafuta uzi uliokatika.

"Na hiki kifungu cha kuingia chumbani, mama?"

"Kimeandikwa, si unakiona? Au nikuimbie?"

Nikafungua kamba, nikawagawia wengine funguo zao, wake nikaubwaga mezani. Nilitaka aseme, "Baki nao tu, mama." Hakusema. Aliuchukua, akautia mfukoni, akaenda zake kushona. Nikanuna mpaka jioni, hata chai haikunipanda.

Sheria ilikuwa haijamaliza wiki mvua ikashuka, kubwa. Nilitoka mbio kama kawaida yangu, mkono kiunoni, nikashika kamba tupu. Cherehani ilikuwa kimya, kwa hiyo Sindano hayupo, na mezani kwake, chini ya dirisha, kuna vitambaa vya watu! Nikaugonga mlango kwa ngumi.

"Sindano! Wewe Sindano! Vitambaa vinalowa!"

Kimya. Nikapiga kelele tena, nikaitukana sheria na aliyeitunga. Mwisho sauti ikaniishia, nikabaki nimesimama pale nimelowa chapachapa. Nikasema polepole, "Hodi."

"Karibu, mama!"

Mlango ukafunguka. Dirisha lilikuwa limefungwa, vitambaa vikavu, na Sindano ana pindo la gauni mkononi, analishona kwa mkono.

"Kumbe upo! Na kelele zote hizo hukunisikia?"

"Nimekusikia tangu mwanzo. Nilikuwa nasubiri hodi."

"Mshenzi wewe!"

"Ingia basi, unalowa." Akanivutia kiti, akanipa kanga nijifute, akaweka maji ya chai jikoni.

Nilikaa. Chumba kile nimekiingia mara zisizo na hesabu, na siku zote hizo hakuna aliyenikaribisha, maana sikuwahi kumpa mtu nafasi. Machozi yakanilenga, nikayafuta na kanga nikisingizia mvua. Kitanda hakikuwa kimetandikwa. Nilikiona vizuri sana, nikakipa mgongo, nikanywa chai yangu.

Kesho yake nikapiga hodi tena, na mvua haikuwepo.