Birika Nyuma ya Kanisa

Asubuhi ile mimi na wifi yangu Marigo tulipanda ngomeni kufagia kanisa kabla ya sikukuu ya mtakatifu. Ngome yetu hapa kisiwani Tilos ni magofu matupu: kuta zilizobomoka, mbuzi, na kanisa dogo ambalo bado lina paa. Wageni hupanda na kamera zao. Sisi hupanda na mafagio.

Marigo, dada wa mume wangu, hajui kunyamaza.

"Evdokia, unahema kama punda wa mizigo. Punguza jibini."

"Tangulia basi, mwembamba wewe."

Akatangulia, akakatiza kwenye magugu nyuma ya kanisa. Nikasikia mlio kama wa sahani kubwa inayopasuka. Nilipotazama, Marigo hayupo.

"Wifi?"

Kisha sauti yake ikanijia kutoka chini ya ardhi, nyembamba kama ya mtoto. "Niko huku."

Nikatambaa hadi kwenye shimo. Lilikuwa birika la kale la kukingia maji ya mvua. Paa lake la mawe lilikuwa limefunikwa na udongo, nasi tulikuwa tukipita juu yake miaka yote. Marigo alikuwa ananing'inia kwenye mzizi wa mtini. Chini yake palikuwa giza tupu.

"Miguu inagusa kitu?"

"Hapana."

Jiwe likamong'onyoka chini ya kifua changu. Lilianguka kwa muda mrefu kabla hatujalisikia likigonga maji. Mwili wangu ukarudi nyuma wenyewe, na Marigo akaniona.

"Unaniacha?"

"Nakwenda kuita mtu."

"Usiende, wifi. Nikibaki peke yangu nitaachia."

Nikabaki. Nilivua aproni, nikafunga kamba zake kwenye kifundo cha mkono wa Marigo, upande wa pili nikaushika kwa mikono yote miwili. Kisha nikapiga kelele mpaka koo likawaka.

Walitokea wageni wawili, mume na mke. Mwanamume akaja mbio, na kila hatua yake niliisikia ikitikisa mawe chini ya tumbo langu. Sikujua lugha yake. Nikatikisa kichwa kumkataza asisogee, nikilia. Mkewe ndiye aliyeelewa. Akamvuta mumewe nyuma kwa mkoba aliovaa, wakalala kifudifudi, wakanishika miguu. Tukamvuta Marigo polepole, huku ukingo ukiendelea kumeguka.

Alitoka bega likiwa limeteguka. Njia nzima ya kushuka hakusema neno hata moja, na hilo lilinitisha kuliko shimo. Daktari alipolirudisha bega ndipo Marigo alipotukana, nami nikakaa sakafuni hadi jioni.

Halmashauri ililizungushia birika uzio. Bado napanda kila mwaka, nikitembea nimegusa ukuta. Marigo hubaki kule chini njiani, na kila baada ya kitambo kidogo huniita kwa jina. Nikichelewa kujibu, huita tena, kwa ile sauti nyembamba.